Tuliacha sigara siku moja, mimi na mume wangu: yaliyotusaidia na yaliyotaka kutuangusha

Mleta uzi

Wakuu, habari za wakati huu. Uzi huu nimeuandika na kuufuta mara tatu, leo naumwaga wote. Ni miezi 14 sasa tangu mimi na mume wangu tuache sigara, siku moja, nyumba moja. Yeye alikuwa amevuta miaka 19, mimi 11. Naandika kwa ajili ya wale ambao kwao pakiti ni ya watu wawili, maana ushauri mwingi ninaouona unamsemesha mtu mmoja anayepambana peke yake, mwenzake anatajwa kama mtazamaji. Kwetu hakukuwa na mtazamaji.

Nyuma ya nyumba tuna viti viwili, katikati kisahani cha majivu. Pale ndipo tulipokuwa tunaongelea kila kitu: kazi, ndugu, hela, mtoto. Tukigombana, anayetangulia kutoka nje anauacha mlango wazi, maana yake njoo tuvute yaishe. Naomba mlishike hili mapema kwa sababu ndilo litakalorudi mwishoni. Sigara ilikuwa ndiyo kikao chetu.

Mume wangu alishajaribu kuacha mara mbili kabla ya hapo. Mara ya pili alifika siku ya 9, na aliyemwangusha ni mimi. Sikumwambia neno. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu, cha kwake kitupu, akapita kuanua nguo kwenye kamba. Nikaisogeza pakiti upande wake kwa kidole. Kidogo tu, kama mtu anayesogeza kikombe kisimwagike. Akaiangalia, akaweka nguo mapajani, akakaa. Nilifurahi, wakuu. Nilifurahi kwamba amerudi. Hilo jambo nimelibeba muda mrefu, na nalisema hapa kwa sababu najua kuna mtu anasoma huku akifanya vilevile kwa mwenzake bila kujijua.

Kilichotushtua ni usiku mmoja niliokuwa na homa. Kifua kimebana, kila nikikohoa naona nyota. Sigara zikawa zimeisha ndani, mume wangu akaanza kuvaa viatu aende kutafuta. Sikuumia kwamba ananiacha. Nilimwambia nikiwa ndani ya blanketi, "Usichukue chache, na mimi nitavuta." Akasimama mlangoni, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Akasema, "Mke wangu, umejisikia ulichosema?" Hakwenda. Asubuhi tukachagua tarehe, wiki mbili mbele.

Wiki hizo mbili hatukupunguza chochote. Tulivuta kama kawaida, ila kila mtu na daftari lake: saa ngapi, uko wapi, ulikuwa unahisi nini kabla hujawasha. Kama kuna kitu kimoja cha kuchukua kwenye uzi huu, chukueni daftari. Yeye alikuwa anavuta 17 kwa siku, mimi 8, jumla 25, zaidi ya 9,000 kwa mwaka ndani ya nyumba moja. Lakini idadi siyo iliyotufumbua macho. Sigara yake ya kwanza ilikuwa ndani ya dakika tano tangu afumbue macho, kabla hata hajaongea na mtu. Mimi ya kwanza ilikuwa baada ya saa nne asubuhi, na kati ya zile 8, tano zilikuwa za kiti, yaani nimevuta kwa sababu yeye anavuta. Tulidhani tuna tatizo moja. Kumbe mwenzangu mwili wake ndio ulikuwa unaidai nikotini, mimi niliyekuwa namfuata ni yeye.

Kliniki nesi alituuliza swali hilohilo: baada ya kuamka, sigara ya kwanza unaivuta dakika ya ngapi? Ni moja ya maswali ya kipimo cha Fagerström, kinachopima mtu amefungwa na nikotini kiasi gani. Kwa majibu yetu kila mtu akaondoka na chake. Yeye plasta ya nikotini ya miligramu 21 ya kubandika kila siku, na jojo za nikotini za miligramu 4 kwa ajili ya hamu inayokuja ghafla. Mimi jojo za miligramu 2 peke yake. Nilinung'unika kidogo, niliona kama nimepewa nusu dozi. Baadaye nilimwelewa yule nesi.

Mwendelezo unakuja, ngoja nimlaze mtoto.

Mchangiaji 1

Dada, nakaa hapa kusubiri. Ila nina swali kabla hujaendelea. Watu wawili wenye arosto, yaani mateso ya mwili unaodai nikotini, ndani ya nyumba moja, kwa wakati mmoja, si ni kutafuta talaka? Kwa nini asianze mmoja, akishatulia ndiyo mwingine afuate? Mimi na mke wangu tulikuwa tunafikiria hivyo.

Mleta uzi

Kaka, hata sisi tuliliwaza hilo, na kwetu jibu lilikuwa ile siku ya 9. Anayetangulia anaacha huku pakiti iko mezani, harufu iko kwenye pazia, na mtu anayempenda kuliko wote anawasha mbele yake. Halafu na yule anayevuta anaumia. Anaona kama ameachwa nyuma, au kama anahukumiwa bila kuambiwa.

Baadaye nilikuja kusoma kuhusu jambo hili. Kuna utafiti wa University College London uliotoka mwaka 2015, waliwafuatilia wanandoa wenye umri wa kuanzia miaka 50. Wanawake waliokuwa wanavuta, ambao waume zao waliacha kipindi hichohicho, nusu yao walifanikiwa kuacha. Wale ambao waume zao walikuwa hawavuti tangu mwanzo, asilimia 17. Wale ambao waume zao waliendelea kuvuta, asilimia 8. Na kwa wanaume mwelekeo ulikuwa uleule. Rudia kusoma hapo katikati: kuishi na mtu asiyevuta hakukusaidia kama kuishi na mtu anayeacha pamoja na wewe. Niliposoma nilimpelekea mume wangu simu jikoni nikamwambia, "Baba, ona, hawa wametuandika sisi."

Kuhusu talaka: usiku wa siku ya tatu ulikuwa mbaya, sitaficha.

Siku ya kwanza tulikuwa kama watoto siku ya sikukuu. Tumeosha mapazia, tumetupa viberiti, tumefua hadi foronya. Siku ya pili kila mtu kimya. Siku ya tatu jioni nilikuta kijiko kimewekwa kwenye sinki, kichafu, kimoja. Nikamuuliza kwa nini hakukiosha. Akasema atakiosha. Nikasema atakiosha lini. Wakuu, kile kijiko kilitutoa kwenye sinki kikatufikisha kwa wazazi wake, kwa wazazi wangu, kwa jambo alilosema mbele ya watu miaka minne nyuma. Nilikuwa nasikia sauti yangu nashindwa kuizuia. Mikono inatetemeka, mdomo umekauka, kichwa kimejaa pamba. Yeye alikwenda akajifungia bafuni, akakaa gizani bila kuwasha taa. Namsikia anapumua.

Kilichotuokoa kilikuwa kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni. Kabla ya tarehe tulikubaliana kwamba yeyote akinyoosha mkono na kusema "dakika tano", mwingine ananyamaza hapohapo na kuondoka, hata kama yuko katikati ya sentensi na hata kama ana haki. Nesi alishatuambia kwamba hamu kali ya sigara huja kama wimbi, mara nyingi hudumu dakika tatu hadi tano kisha hushuka, uivute sigara usiivute. Na kwamba arosto hufika kileleni ndani ya siku mbili tatu za mwanzo. Nilimsikia kutoka ndani ya bafuni, "Dakika tano, mama." Nikatoka nje. Nikavizunguka vile viti. Sikukaa.

Tuliporudiana sikumwomba msamaha usiku ule, na yeye hakuniomba. Tulishakubaliana pia kwamba ugomvi wowote wa wiki mbili za mwanzo haubebwi. Asubuhi kijiko kilikuwa kimeoshwa, na hadi leo hatujawahi kuulizana nani alikiosha.

Mchangiaji 2

Dada umenikumbusha yangu. Mimi kilichonitesa ni usingizi na moyo kwenda mbio. Niliacha sigara nikawa nalala saa mbili kwa usiku, mikono inatetemeka, nikahisi nina ugonjwa mwingine kabisa. Siku ya 6 nikarudi kuvuta, nikalala kama mtoto mchanga. Je, hiyo nayo ni arosto?

Mchangiaji 3 (nesi)

Habari zenu. Mimi ni nesi, kazi yangu ni kliniki na wavutaji ninaowahudumia ni wengi. Mleta uzi ameeleza vizuri, niongeze machache.

Mchangiaji 2, ulikuwa unakunywa kahawa? Hili wengi hawaambiwi. Moshi wa sigara huchochea ini livunje kafeini haraka kuliko kawaida. Anayefanya hivyo ni moshi wenyewe, si nikotini, kwa hiyo hata ukibandika plasta, ukiacha moshi tu ini linapunguza mwendo. Vikombe vilevile ulivyozoea vinakuachia kafeini nyingi zaidi mwilini. Matokeo yake ni hayo: moyo kwenda mbio, kutetemeka, kukosa usingizi, na mtu anasema ni arosto. Ninawaambia wapunguze kahawa kwa nusu tangu siku ya kwanza, na wasiiguse jioni.

Jojo za nikotini msizitafune kama jojo za kawaida, nikotini yote itaishia tumboni mpate kwikwi na kiungulia. Tafuna polepole hadi usikie inawasha kama pilipili, kisha ipumzishe kati ya shavu na fizi. Ikipoa, tafuna tena. Nusu saa hivi imetosha. Na usinywe kitu dakika 15 kabla, hasa kahawa au kinywaji chenye uchachu, maana mdomo ukiwa na asidi nikotini haipiti vizuri.

Wapo wanaoogopa dawa hizi wakidhani ni kubadilisha uraibu kwa uraibu. Kinachowaua wavutaji ni moshi. Ndani yake kuna kemikali zaidi ya 7,000, na angalau 69 kati ya hizo zinajulikana kusababisha saratani. Plasta haina kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu ya kwenye moshi, wala lami. Inampa mtu nikotini polepole wakati anajifunza kuishi bila kuwasha kitu, halafu inashushwa. Shirika la Afya Duniani liliweka dawa mbadala za nikotini kwenye orodha yake ya dawa muhimu tangu mwaka 2009, na mwaka 2021 likaongeza vidonge vya kusaidia kuacha sigara, vareniklini na bupropioni. Hizo mbili za mwisho lazima uonane na daktari, na bupropioni haimfai mtu mwenye historia ya kifafa. Mjamzito naye asijipangie mwenyewe, aje kliniki.

Na la mwisho kwa leo: kukosa choo ni kawaida wiki za mwanzo, na kukohoa kunaweza kuzidi kidogo kabla hakujapungua. Vinyweleo vya ndani ya njia ya hewa vilikuwa vimelemazwa na moshi, vinaanza tena kufagia. Msikimbie kurudi kwenye sigara kwa sababu ya kohozi.

Mchangiaji 2

Nesi, vikombe vitano kwa siku. Vitano! Na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Mchangiaji 4

Wanangu, mimi nina miaka 57, mke wangu 54. Tumevuta tangu ujana. Ninawasoma kwa heshima lakini nyie bado vijana. Kwetu moshi umeshafanya kazi yake. Kuna faida gani kuteseka sasa?

Mchangiaji 3 (nesi)

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ninalisikia kila wiki, na jibu lake limepimwa. Richard Doll na Austin Bradford Hill walianza mwaka 1951 kuwafuatilia madaktari wa Uingereza, wanaovuta na wasiovuta, na kazi hiyo ikaendelea kwa miaka 50. Walioacha wakiwa na miaka 30 waliokoa kama miaka 10 ya maisha kuliko wangeendelea. Walioacha wakiwa na 40 waliokoa kama 9. Wakiwa na 50, kama 6. Wakiwa na 60, kama 3. Wewe uko kati ya hiyo 50 na 60. Miaka hiyo ipo, mzee wangu, na ni ya kwako na mama.

Na huhitaji kungoja miaka. Mapigo ya moyo hushuka ndani ya dakika 20 tangu sigara ya mwisho. Kaboni monoksidi kwenye damu hurudi kawaida ndani ya siku moja hivi. Baada ya mwaka mmoja, hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo inakuwa kama nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta. Kwa saratani ya mapafu inachukua kama miaka 10 kufika nusu. Njoo na mama kliniki iliyo karibu, mpimwe presha wote wawili kwanza.

Mchangiaji 5

Mleta uzi, kwangu tatizo ni jingine. Mimi nataka kuacha, mke wangu hataki kabisa kusikia. Nikimwambia madhara anasema ninamsimanga. Nimejaribu kuficha pakiti, nimejaribu kuhesabu sigara zake, tumefika mahali hatuongei. Nifanyeje?

Mleta uzi

Kaka, nisikilize kama dada yako. Acha kuhesabu. Leo. Rudisha pakiti ulizoficha, mwambie umekosea.

Hili ndilo lililotaka kutuvunja sisi na tulikuwa tunaacha kwa hiari, seuze nyie. Wiki ya pili nilianza kumnusa mume wangu. Akirudi namkumbatia kwa muda mrefu kidogo, pua iko kwenye kola. Yeye alijua. Siku moja alinyoosha mikono yake miwili mbele yangu, vidole vimefunguliwa, kama mtoto anayekaguliwa kucha. Hakusema kitu. Vile vidole viwili vya kulia vilivyokuwa vya manjano miaka yote vilikuwa vimeanza kurudisha rangi karibu na kucha. Nilijisikia vibaya hadi nikakaa chini. Aliyekuwa anapambana na mwili wake tangu alfajiri alikuwa ana kazi ya pili jioni, ya kunithibitishia.

Tangu siku ile swali la "umevuta?" lilikufa nyumbani kwetu. Badala yake tuliulizana, "Leo ilikuwaje?" Na jibu lolote linakubalika, hata "vibaya" peke yake.

Mchangiaji 3 (nesi)

Naunga mkono. Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, walikusanya majaribio ya kuwafundisha wenza jinsi ya kumsaidia mvutaji aache. Hawakupata ushahidi kwamba mafunzo hayo yanaongeza idadi ya wanaofanikiwa. Lakini angalia upande wa pili. Kule Framingham, Marekani, watu 12,067 walifuatiliwa tangu 1971 hadi 2003, na mwenzi mmoja alipoacha, uwezekano wa mwingine kuendelea kuvuta ulipungua kwa asilimia 67. Mchangiaji 5, mke wako atakutazama kuliko atakavyokusikiliza. Acha wewe, kwa ajili yako.

Mchangiaji 1

Dada, na kuteleza je? Hakuna aliyeteleza?

Mleta uzi

Nilikuwa nakuja huko.

Plasta yake ilipangwa hivi: wiki sita za miligramu 21, wiki mbili za 14, wiki mbili za 7. Siku ya 43 akashuka kwenda 14. Siku ya 46 alirudi nyumbani akasimama nje ya mlango, hakuingia. Nikatoka kuangalia. Akasema, "Nimevuta. Mbili." Karatasi yetu ilisema anayeteleza anasema siku hiyohiyo, kabla ya kulala. Yeye alisema kabla ya kuvua viatu.

Sasa nisikilizeni, maana hapa sitaki kujipamba. Kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa hasira wala huruma. Nilitamani. Harufu ilikuwa kwenye shati lake, na mwili wangu wote ukageuka kuelekea kule. Ikanijia sentensi nzima, tayari imepangwa: kama yeye ameshavuta, basi hata mimi moja haina neno, tukae nje, tuongee, kesho tuanze upya wote. Ilikuja na sauti ya upendo kabisa. Nilijua kwamba nikiifungua tu midomo nitaisema.

Nikanyoosha mkono. "Dakika tano." Nikaingia ndani nikaweka jojo mdomoni, nikasimama ukutani, natafuna polepole hadi ikawasha. Yeye kabaki nje. Niliporudi nilimwuliza zimebaki ngapi. Akatoa pakiti, akazivunja moja moja juu ya kisahani mpaka tumbaku ikajaa, akamwagia maji. Kisha akalia. Miaka yote ya ndoa nilikuwa nimemwona akilia mara moja tu, msibani.

Kesho yake tulirudi kliniki. Alidhani watamwambia amerudi sifuri. Nesi hakumwambia hivyo hata kidogo. Aliuliza ilikuwa saa ngapi, na nini kilitangulia. Akamwambia plasta ilishuka mapema kwake, akamrudisha kwenye 21 kwa wiki nyingine nne, akamwongezea jojo. Sigara mbili kati ya siku 46. Angevuta kama zamani zingekuwa zaidi ya 780. Mume wangu aliipiga hesabu hiyo kichwani mwake pale kwenye benchi, nikaona mabega yake yanashuka.

Kilichonifundisha ni kwamba kuacha pamoja hakumaanishi kufungwa kamba moja shingoni, mmoja akidondoka wote shimoni. Siku ile yeye alikuwa na yake na mimi nilikuwa na yangu. Siku yangu ya 46 ilibaki safi, na alinishukuru kwa hilo kuliko ningemsamehe mara mia.

Mchangiaji 6

Mimi ni mwanamke na ninachoogopa ni unene, semeni ukweli.

Mleta uzi

Niliongezeka kilo 5 mwaka wa kwanza. Nesi alisema wastani ni kilo 4 hadi 5, wapo wanaoongezeka zaidi na wapo wanaopungua. Magauni mawili nimeyaachia kwenye mshono. Mume wangu hajasema neno, na hilo nilimwomba mapema, tarehe bado haijafika. Mwombe na wewe mapema.

Mchangiaji 1

Na vile viti, dada? Ulisema vitarudi mwishoni.

Mleta uzi

Wiki za mwanzo tuliviingiza ndani stoo. Nikaona kitu ambacho hakuna daftari lililonionyesha. Jioni tulikuwa hatuna pa kuanzia. Tunakaa sebuleni kila mtu na simu yake, tumeshinda siku nyingine, na tuko mbalimbali kuliko tulivyokuwa tukivuta. Niliogopa. Nilianza kufikiri labda sigara ndiyo ilikuwa inatushika.

Mwezi wa tatu nikavirudisha nje, bila kisahani. Tukakaa. Mikono haijui iende wapi. Na hapo ndipo nilipogundua jinsi tulivyokuwa tunaongea miaka yote. Sigara inawaka dakika chache, basi na maongezi yetu yalikuwa ya dakika chache. Jambo likianza kuwa gumu, mmoja anabonyeza kipisi kwenye kisahani, anasema "haya", anasimama. Sigara ikiisha na neno limeisha. Kulikuwa na suala la mtoto wa pili, tulikuwa tumelianza pale zaidi ya miaka miwili na hatukuwahi kulifikisha hata nusu, kwa sababu kila lilipofika pachungu kipisi kilikuwa kimeshafika kwenye kichungi.

Jioni ile halikuwa na pa kuishia. Nilimwambia ninachoogopa. Alinyamaza muda mrefu, nikangoja asimame, mwili wangu ulikuwa umezoea kwamba sasa atasimama. Hakusimama. Akaniambia na yeye anachoogopa, na kilikuwa kitu ambacho sikuwahi kukiwaza hata siku moja. Tulikaa hadi mbu wakatufukuza. Tulichoamua ni chetu, sitakiweka hapa, ila nilijua usiku ule kwamba sikuwa nimempoteza mtu wa kile kiti.

Mchangiaji 5

Dada, nimesoma uzi wote, halafu nikampa mke wangu simu asome mwenyewe, sikumsimamia. Amesoma hadi mwisho. Amesema yeye bado, lakini chumbani hatavuta tena, atakuwa anatoka nje. Na nimemwomba radhi kuhusu kuhesabu. Mimi naanza Jumatatu. Daftari langu leo lina 19, ya kwanza dakika ya 10 baada ya kuamka.

Mleta uzi

Kaka, hapo kwa chumba amekupa kitu kikubwa, usimwombe kingine wiki hii. Mwambie tu pakiti yake isikae mezani, kwenye mkoba inatosha. Na wewe kwa dakika 10 hizo usiende kavukavu, pita kliniki kabla ya Jumatatu wakuangalie kama unastahili plasta. Alhamisi ndiyo mwanzo wa siku ya nne kwako, kwa hiyo usiku wa Jumatano utakuwa mrefu. Ukishindwa kulala andika hapa, saa yoyote. Nitakuwa macho.